Mbuzi wa Maji na Mtoto wa Mawe

Bulla Pesa, Isiolo
9 Februari 2025

Kwako ndugu yangu Mawira,

Nisamehe, nimekawia sana kukuandikia. Barua zako tatu zote zilifika. Mjomba Bedan alinipa mkononi kila aliposhuka na lori lake la kabichi, na kila mara akaniuliza, "Na majibu, Mama Warigia?" nami nikamwambia wiki ijayo. Usidhani ni hasira. Ya kwanza niliisoma nikinyonyesha, nikasinzia nayo. Ya pili iliingia kwenye uji. Ya tatu Warigia aliichora ng'ombe kabla sijafika mwisho, kwa hivyo kama kuna neno la maana uliliandika pale chini, saa hii lina pembe.

Habari ya baridi? Mjomba anasema huko juu ya Timau mnavaa sweta mbili hata saa sita mchana. Huku ni jua na vumbi tu, bati linalia tik tik kuanzia saa nne. Kiarie bado anaendesha lori la Moyale. Anafika nyumbani kila baada ya siku kumi, anauliza watoto wako wapi, halafu analala juu yao. Warigia ametimiza miaka minne na ameanza nasari. Mpwa wako alizaliwa tarehe kumi na mbili Novemba, wiki moja baada ya wewe kwenda. Tumemwita Muiruri, jina la baba yake Kiarie, na mzee alifurahi mpaka akatuma jogoo. Mtoto ni mnene, anakua vizuri, majirani wanamsifu.

Sasa tuje kwa maneno yako.

Unasema Mawira wa zamani alikufa na aliyebaki ni mpya. Pole kwa msiba. Lakini kama alikufa, naomba kujua ni nani aliondoka na blanketi langu la kijani.

Unasema hapo kituoni kila mtu anayeacha miraa na pombe anafungwa utepe mkononi kwa kila hatua, kwanza kijani, halafu njano, halafu mweupe, na kwamba wewe umepata wa njano kabla ya wote mlioingia pamoja. Nimefurahi, kweli. Hata Warigia wiki hii alibandikwa nyota kwenye paji la uso kwa kutokula chaki.

Usinune. Nakutania kwa sababu nimekuona ukikua mara nyingi. Mwaka juzi ulikua miezi miwili, ukanunua shati jeupe na daftari la malengo. Mwaka jana ulikua Pasaka yote. Na wewe mwenyewe, ukiwa broka pale soko la mifugo, ndiye ulinifundisha vile mbuzi ananenepeshwa kwa siku moja. Jioni analambishwa chumvi, asubuhi anapewa maji mpaka tumbo linakuwa ngoma. Mnunuzi mgeni anaangalia tumbo, anafurahi, anafika naye nyumbani, mbuzi anakojoa, kumbe alinunua ngozi. Ukaniambia mnunuzi anayejua haangalii tumbo. Anashika mgongo.

Barua zako zina tumbo, Mawira. Katika hizo tatu umesema "nimekua" mara kumi na nne. Nimehesabu. Halafu unaomba ukitoka Novemba uje ukae kwetu, nikupe ufunguo wa nyumba, uwe unabaki na watoto ili mimi nirudi kupika kule hotelini. Mungu anajua ninavyouhitaji msaada huo. Lakini kuna ile siku ya soko, wewe na Warigia. Hujaitaja hata mara moja, na mimi sitakutajia. Ufunguo unangoja hapo.

Nakupenda. Ukipata karoti, tuma.

Dada yako,
Gatwiri


Kituoni, juu ya Timau
23 Februari 2025

Mpendwa dada yangu Gatwiri,

Nakusalimu kwa moyo wa mtu aliyejitambua. Natumaini wewe, shemeji Kiarie, Warigia na mgeni wetu Muiruri hamjambo. Mimi sijambo kabisa, mwili, nia na malengo.

Barua yako nimeisoma kwa utulivu. Mawira wa zamani angekasirika papo hapo. Mimi nilipumua mara saba kama tunavyofundishwa, ndipo nikakasirika, lakini kidogo. Mambo ya chumvi na mbuzi niliyaacha huko huko sokoni. Kuhusu blanketi, Mawira mpya analitumia kwa shukrani nyingi.

Kuhusu yaliyopita, naomba msamaha kwa mapungufu yangu yote, ya kujua na ya kutojua, kwako na kwa familia kwa jumla. Hilo nimelijaza pia kwenye fomu ya mwalimu wetu. Kuna mahali panauliza kama wote uliowakosea umewaambia ukweli, nami nimeweka tiki. Kwa hivyo utepe mweupe natarajia muda si mrefu.

Jambo moja tu linanisumbua. Wenzangu wa utepe wa kijani wako jikoni wanaota moto, na mimi wa njano nimepewa ndama sita. Msimamizi ni mzee Emanikor, Mturkana, mtu wa maneno matatu kwa siku, na mawili kati ya hayo ni "Pima tena." Kila Jumatatu asubuhi, kabla ndama hawajanyonya wala kunywa maji, tunawazungushia tepe kifuani na kuandika. Nilimwambia mimi ni mtu wa mifugo, uzito najua kwa macho. Akaniangalia juu mpaka chini, akatumia neno lake la tatu. Sitaliandika.

Karoti nimetuma. Zilizopinda ndizo tamu.

Ndugu yako katika kukua,
Mawira


Bulla Pesa
6 Aprili 2025

Mawira ndugu yangu,

Habari za siku nyingi? Karoti zilifika, asante. Warigia alikula tatu mbichi akatangaza kwamba sasa anaona mpaka Gotu kule mbali. Mvua imenyesha mara mbili, ploti yote ni matope, viatu vyetu vyote vina rangi moja. Kiarie alikwama njiani siku nne akarudi na ndevu, Muiruri akamlilia kama mwizi. Muiruri ni mnene tu. Hili joto linanipunguzia maziwa kidogo, ndiyo sababu naomba utume unga wa wimbi, na njugu kama zinapatikana. Watu wa hotelini wanakusalimia, hasa yule mzee wa jikoni, anasema chapati nilizokunja jana zilikuwa soli ya kiatu lakini atanivumilia.

Nimeisoma sentensi yako ya mapungufu yote kwa jumla. Ndugu yangu, hilo ni gunia. Umeniletea gunia limeshonwa mdomo, unaniambia pokea dada, ndani kuna kila kitu. Sitaki gunia. Warigia akivunja kikombe akaja kuniambia, "Mama nisamehe kwa vyombo vyote," namwambia hapana, taja kikombe. Na yeye ana miaka minne.

Taja kikombe, Mawira. Kiweke mezani nikione.

Na hiyo tiki sisemi kitu. Ni wewe na kalamu yako.

Dada yako,
Gatwiri


Kituoni
27 Aprili 2025

Dada,

Habari ya Pasaka? Huku tulichinjiwa mbuzi. Nilimshika mgongo kwanza, nikakukumbuka.

Utepe mweupe walinifunga. Nilidhani ningeandika ukurasa mzima juu yake.

Nataka kukwambia habari ya ndama. Kati ya wale sita kuna mmoja nilikuwa namringia, wa kahawia mwenye nyota usoni, tumbo limejaa, duara. Wageni wa kituo wakija, huyo ndiye namtoa mbele. Juzi mzee Emanikor akasema pima tena. Nikapima. Kifua kimesimama palepale wiki tatu. Wenzake wenye tumbo dogo wamempita wote. Mzee akasema lile tumbo ni minyoo na njaa. Mimi nilikuwa nampitisha mbele za watu, na yeye ni mgonjwa. Na mimi ni broka! Hila niliyowafanyia watu miaka mitatu, ndama amenifanyia bila hata chumvi. Nimemnywesha dawa, sasa nangoja Jumatatu kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani.

Ndiyo maana nauliza. Barua mbili umeniambia Muiruri ni mnene. Kilo hujasema. Halafu zile chapati ulizokunja jana. Jana ulikuwa hotelini? Mtoto alikuwa na nani?

Unga umo kwenye mfuko. Njugu sikupata, natafuta.

Mawira


Bulla Pesa
25 Mei 2025

Mawira,

Tuko salama. Unga umefika. Mtoto ni mnene. Wewe pima ndama wako, wangu niachie mimi.

Kikombe bado sijakiona mezani.

Gatwiri

Warigia anauliza kama yule ndama alipewa nyota kwa sababu ya kutokula chaki.


Kituoni
15 Juni 2025

Dada Gatwiri,

Hamjambo? Mimi sijambo. Baridi ni kali, ndama wote wazima. Mwambie Warigia yule alizaliwa na nyota yake, lakini chaki pia hali.

Nataja kikombe.

Oktoba, siku ya soko, ulinipa Warigia kwa sababu miguu yako ilikuwa imevimba na ulitaka ulale hata saa moja. Nilikuwa na mbuzi mmoja wa kuuza, yule mweupe wa sikio jeusi. Nilimpa Warigia kamba, nikamwambia, "Shika hapa, usiachilie, usitoke, anko anakuja saa hii." Nikaenda kwa vijana wa miraa. Nilikaa kutoka saa nne mpaka saa saba na nusu. Sikumsahau. Hapo ndipo nimekuwa nikidanganya hata nikijisimulia mwenyewe. Nilimkumbuka mara mbili, na mara zote mbili nikasema bado kidogo.

Aliyemkuta ni Abiba, yule mama wa maziwa ya ngamia. Warigia alikuwa amekaa juani kando ya ua, kamba ameizungusha mkononi, mbuzi amekula kofia yake. Abiba akamleta mpaka nilipokuwa, mtoto na mbuzi, akanitukana kwa Kiborana, akaona sijaelewa vizuri, akarudia kwa Kiswahili. Nikambeba Warigia nikaja nyumbani. Nikakwambia aliniponyoka akakimbia, ndiyo sababu tumechelewa. Wewe ukamchapa kwa kukimbia. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Hakulia kwa sauti. Alikuwa ananiangalia mimi.

Hakukimbia, dada. Hata hatua moja.

Sina la kuongeza. Njugu zimo kwenye mfuko wa bluu. Muiruri ana kilo ngapi?

Mawira


Bulla Pesa
3 Agosti 2025

Ndugu yangu Mawira,

Nisamehe tena. Safari hii si uji wala ng'ombe. Nimekaa na barua yako wiki sita kwa sababu ilikuwa ya kweli, na mimi nilikuwa nimekalia uongo wangu.

Watoto hawajambo. Kiarie hajambo, amenyoa. Njugu zilikuwa tamu, nilizificha Warigia asizione, akaziona.

Kwanza, nilijua. Siku tatu baada ya ile siku ya soko, Abiba aliniambia akinipimia maziwa. "Huyu wako ni askari," akasema. "Nilimwambia achilia kamba twende, akakataa. Ati anko hajakuja." Wewe ulikuwa umeenda kujificha kwa rafiki zako. Niliamua nitangoja uniambie kwa mdomo wako. Ungeniandikia umekua mara mia, nisingekupa hata ufunguo wa choo.

Pili, kilo.

Nilirudi kazini Machi, Muiruri akiwa na miezi minne, kwa sababu mwenye hoteli alisema nisiporudi ataweka mwingine. Nilikuwa namwacha kwa jirani na chupa ya maziwa, na hayo maziwa nilikuwa nayaongeza maji ili yafike saa nane. Haya, nimeandika. Kila aliyeniuliza nilimwambia tuko sawa, mtoto mnene. Na usoni alikuwa mnene, ana mashavu. Mashavu ndiyo yalikuwa tumbo la mbuzi wangu.

Tarehe kumi na nane Juni ilikuwa kliniki. Nilimvika sweta mbili, suruali ya sufu, nepi ya asubuhi sikuibadilisha, na viatu vya Warigia juu yake. Kwa jua la Isiolo, Mawira. Mtoto aliiva kama nyanya. Kwenye benchi kulikuwa na mama mmoja wa Chechelesi, amempakata wake kama gunia la viazi, kitabu cha kliniki amekifungua kwa kila mtu, ule mstari wake wa uzito umepanda mlima. Changu nilikikalia.

Nesi anaitwa Hoda, msichana mdogo asiyecheka. Akasema, "Mama, mvue."

"Ni nguo nyepesi tu, sista."

"Mvue zote. Hata nepi."

Nikavua sweta ya juu, nikaiweka mezani, ikalia ko! Hoda akaiangalia. Akaingiza mkono mfukoni akatoa jiwe. Akatoa la pili. Akatoa matano, akayapanga mstari mmoja mbele yangu. Benchi lote likanyoosha shingo.

"Mama Muiruri," akasema, "mtoto ameanza kula changarawe?"

Naapa si mimi. Nikageuka nikamwona Warigia amesimama wima, mikono kando. "Mama, ulisema leo lazima awe mzito," akasema. "Nimemsaidia."

Watu walicheka, ndugu yangu! Mama wa Chechelesi alicheka mpaka gunia lake likaamka. Nilicheka na mimi. Halafu mizani ikatulia, nikaacha. Kilo sita na nukta nne, miezi saba. Mwezi wa Aprili alikuwa sita na nukta mbili.

Hoda hakunigombeza. Alisema hivi, akiandika, bila kuniangalia: "Hii mizani haipo hapa kukusifu wewe, mama. Ukinificha, nitamtibu nani? Mawe?" Nililia pale pale, na Warigia akanipa jiwe moja nishike.

Barua yako ilifika siku mbili baadaye. Ile "kilo ngapi" ya mwisho niliisoma mara nyingi kuliko yote mengine.

Sasa nafanya hivi. Nimewaambia hotelini naingia saa kumi na mbili natoka saa nne, wakitaka waweke mwingine. Hawajaweka, chapati zangu zimepata wenyewe. Muiruri anabaki na Abiba wa mlango wa pili, ambaye hachezi na mtu. Maziwa hayaguswi na maji. Unga wako wa wimbi sasa naukoroga nakunywa mwenyewe, ule wa kwanza ulikuwa unaishia kwa Kiarie. Jumatano iliyopita alikuwa na kilo saba na nukta mbili, bila uzi mwilini, akamkojolea Hoda. Hoda akacheka. Ana mwanya.

Tatu, Warigia. Nilimkalisha nikamwambia, "Ile siku ya soko hukukimbia. Mama alikuchapa bure. Nisamehe." Akasema, "Najua," akaendelea kula ugali. Baadaye akarudi akaniuliza, "Na anko anajua?" Nikamwambia anko ameandika. Akataka kuonyeshwa ni wapi. Nikamwonyesha. Hajui kusoma, lakini aliweka kidole hapo kwa neno "hakukimbia" akakaa nacho.

Ufunguo bado sijaamua. Nakwambia kweli, kwa sababu wewe umeniambia kweli.

Dada yako,
Gatwiri


Kituoni
24 Agosti 2025

Dada,

Habari za huko? Nimefurahi kwa zile kilo. Nilimsomea mzee Emanikor, akasema, "Apimwe tena," lakini alikuwa anatabasamu.

Ombi la ufunguo naliondoa. Nikitoka nitalala kwa Mjomba Bedan, Chechelesi. Ukitaka mtu wa kuchota maji na kufua wewe ukiwepo, nitakuja. Usipotaka, nitaelewa, na nitakuwa hapo karibu.

Maswali mawili. Muiruri anakunywa uji saa ngapi, na akilia bila sababu kujulikana, huwa anatulizwa vipi? Na Warigia anapenda nini siku hizi? Usimwambie nimeuliza.

Blanketi lilikuwa limepasuka, nimelishona. Vibaya.

Mawira


Bulla Pesa
2 Novemba 2025

Ndugu yangu,

Najua, najua. Septemba nzima na Oktoba nzima. Warigia alipata surua ya kuigiza, ile ya kutotaka kwenda nasari, halafu Muiruri akaota meno mawili kwa wiki moja na akataka kuyajaribu kwangu. Leo nimeketi. Jumamosi unatoka, kwa hivyo hii Mjomba ataikimbiza ikufikie.

Muiruri ana kilo nane na nukta tatu, ametambaa mpaka kwa jirani akala sabuni kidogo, akarudi. Anakunywa uji saa tatu na saa tisa. Akilia bila sababu kujulikana, mwonyeshe kuku.

Juzi Mjomba Bedan alikunywa chai hapa. Nikamwambia nasikia una utepe mweupe tangu Aprili, na tangu hapo kimya, sijui kama bado unao. Mjomba akaweka kikombe chini. "Kwani hakukwambia?" Ndipo akanieleza. Kwamba Juni ulienda wewe mwenyewe kwa mwalimu, hakuna aliyekuita, ukamwambia ile tiki ulikuwa umeiweka na hukuwa umemwambia mtu yeyote ukweli wowote, ukaufungua mweupe ukarudishwa njano mbele ya wote, pamoja na wale uliokuwa umewapita. Kwamba Agosti barua yangu ilipofika mwalimu akataka akufunge tena, ukasema kuna aliyeustahili zaidi. Mjomba anasema utepe mweupe unavaliwa na ndama mwenye nyota, shingoni, na mzee Emanikor anamtoa mbele wageni wakija.

Alipoondoka Mjomba nilitoa barua zako zote kwenye kopo la kahawa nikazisoma kuanzia Aprili. "Nimekua" haimo. Utepe umetajwa mara moja, kama mtu anayetaja mvua. Kuna ndama, kuna njugu, kuna kilo ngapi. Nilikaa nazo mapajani, Muiruri amelala, na nikajua nimeshika mgongo.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu nakupenda na sitarudia. Utalala kwa Mjomba kama ulivyosema. Hapa utafika saa kumi na moja na nusu asubuhi, mimi nikiwa bado sijatoka. Novemba na Desemba utabaki na watoto Abiba akiwa mlango wa pili, na ufunguo atakuwa nao yeye. Amekubali. Amesema atakuwa anapita kuangalia, na amehamisha kiti chake kikaangalia mlango wangu kabisa, kwa hivyo usijitie wazimu. Siku ukitamani miraa, niambie umetamani, usiniambie umepumua mara saba. Januari tutapima tena. Muiruri atavuliwa nguo, wewe utaniambia ya kweli, na mimi pia nitakwambia yangu, maana sijamaliza kujifunza kutosema tuko sawa. Tukiona mstari unapanda hata kidogo, nitakukatia ufunguo wako.

Karibu nyumbani.

Dada yako,
Gatwiri

Vitu vya kuja navyo kwenye lori. Nimeandika ili usiniambie umesahau:

Viazi vyekundu, debe mbili.

Karoti, zile zilizopinda.

Unga wa wimbi, kilo nne. Huu ni wangu, Kiarie ameambiwa.

Njugu, na uzifiche vizuri kuliko mimi.

Kabichi usilete hata moja, Mjomba ametujaza.

Tepe moja ya kupimia ndama, mzee Emanikor akikubali. Si ya Muiruri, ni ya tumbo la Kiarie, anasema ni nyama.

Blanketi langu la kijani, na huo mshono wake mbaya.

Kofia ya mtoto wa karibu miaka mitano, mahali pa ile iliyoliwa.

Kamba mpya moja, ndefu kutoka kidole chako cha mkono huu mpaka cha mkono ule. Hii ameagiza Warigia. Anasema mbuzi hahitajiki. Utakaa pale mlangoni juani, ushike, usiachilie, usitoke, na yeye ndiye atakayeenda na kuja saa hii.